Mama Aliyeomba Ripoti ya Ukuta

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wenzake na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yetu, familia imenituma mimi mdogo wake niwasomee safari ya maisha yake, nami nitaisoma kama alivyotaka mwenyewe, bila kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa, kwani alizoea kusema kwamba msibani watu husifiwa hadi marehemu akiamka hawezi kujitambua.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya sita wa fundi seremala na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, akaanza shule ya msingi mwaka 1968 na kuimaliza 1974, akiwa wa kwanza kwa hesabu na wa kwanza kwa ubishi, mwalimu mkuu akamwandikia baba kwamba binti huyu anauliza maswali mno, baba akajibu kwamba ndiyo sababu amempeleka shule. Mwaka 1977 alijiunga na chuo cha ushonaji, Januari 1979 akaajiriwa katika kiwanda cha nguo, akadumu huko mpaka kilipofungwa mwaka 1994, ndipo akafungua kibanda chake karibu na soko, akishona sare za shule, na hakuna mzazi wa mtaa huu asiyejua kwamba pindo lake lilikuwa pana makusudi, ili mtoto akirefuka lifunguliwe, mzazi asiingie gharama nyingine.

Tarehe 6 Desemba 1983 alifunga ndoa na fundi bomba, shemeji yetu huyu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa watoto watatu, wawili wa kiume ambao tunao hapa, na kitindamimba wa kike, aliyezaliwa tarehe 20 Mei 1997, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika mtaa mzima, ambaye hakumaliza darasa la sita.

Tarehe 17 Septemba 2009, saa tano kasoro asubuhi, ukuta wa darasa jipya, lililofunguliwa kwa utepe na hotuba muhula uleule, uliwaangukia watoto wakiwa kwenye somo la hesabu, wakafa saba, binti yake akiwa mmoja wao, na marehemu alipofika chumba cha maiti hakulia kwanza, alifanya kazi, kwa sababu sare zile alizishona mwenyewe na aliijua kila moja kwa mshono wake, akawaonyesha wazazi wenzake watoto wao mmoja mmoja, wa kwake akamwacha wa mwisho. Viongozi walikuja kwenye mazishi, wakasema ni kazi ya Mungu, na dada yetu, aliyekuwa mcha Mungu kuliko wao wote, akawajibu palepale kwamba Mungu hajawahi kushinda zabuni ya kujenga shule.

Mwashi mmoja aliyefanya kazi pale alimnong'oneza kwamba mhandisi wa manispaa aliukagua ukuta ule kabla watoto hawajaingia, akaandika ripoti, na tangu siku hiyo marehemu alitaka kitu kimoja tu, kujua ripoti ilisema nini, yaani kama kuna mtu aliyesoma kwamba ukuta utaanguka kisha akawaruhusu watoto wakae chini yake. Kwa miaka alifukuzwa mlangoni kama mchuuzi, hadi mwaka 2017 ilipoanza kutumika sheria ya kumpa kila raia haki ya kupata taarifa za serikali, akaisikia redioni akiwa anashona, akaacha sare ya watu chini ya sindano, akavaa gauni lake la sherehe na kupeleka ombi.

Ofisa wa taarifa ni kijana mwenye adabu zake, marehemu akampa jina la Mkwe, maana kila mara alimpokea kwa kiti na maji ya kunywa, kisha akamrudisha nyumbani mikono mitupu. Sheria iliipa ofisi siku thelathini za kujibu, nayo ilijibu siku ya mwisho jioni, ikimtaka afafanue, na kila alipofafanua siku zilianza kuhesabiwa upya, mara aeleze ni ukuta upi, kana kwamba manispaa ina kuta nyingi zilizoua watoto hata zikachanganyika, mara aeleze ripoti anaitakia nini, mara faili liko wizarani, mara wizara imelirudisha na halionekani, mara ni siri kwa usalama wa taifa, hapo marehemu akamwuliza Mkwe, kwa upole kabisa, taifa lilikuwa wapi wakati wa somo la hesabu.

Oktoba 2019, baada ya kukata rufaa, alipewa bahasha, akatuita wote nyumbani, akavaa miwani, akaifungua mbele yetu, na kila ukurasa ulikuwa umepakwa wino mweusi juu hadi chini, kilichosalia ni nembo, sahihi na tarehe. Alizishika kurasa moja moja dirishani, akizielekeza kwenye mwanga kama anayekagua kitambaa, asione kitu, shemeji akaanza kulia, lakini yeye alikuwa ameshaiona ile tarehe, 2 Juni 2009, zaidi ya miezi mitatu kabla ya ukuta kuanguka, akasema, "Basi kuna kitu walikijua. Nimebakiza kujua ni kipi," na kesho yake akapeleka ombi jingine.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na kwa kuwa hospitali na ofisi ile ziko barabara moja, alikuwa akitoka kwenye mashine anapitia kwa Mkwe, miguu imevimba, viatu mkononi, kuuliza kama kuna jipya, anaambiwa linashughulikiwa, na tulipomsihi abaki nyumbani alituambia tumwache, figo zake angalau zina majibu. Alifariki tarehe 9 Agosti 2023, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, bila kujibiwa, na tusifichane, hilo linatuuma kuliko kifo chenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule daktari aliyemgeuzia faili lake alisome mwenyewe bila kumwuliza analitakia nini, inawashukuru majirani mliopokezana kumfikisha barabarani, mafundi wa sokoni mliomalizia sare za wateja wake, na wazazi wa wale watoto sita wengine, ambao hamkumwacha peke yake.

Tunamshukuru pia Mkwe, aliyesimama pale nyuma, ambaye alifika jana kutupa pole, na baada ya pole akatueleza, kwa adabu zake zilezile, kwamba haki ya kuomba taarifa hairithiwi, hivyo ofisi inahitaji nakala ya cheti cha kifo ili ilifunge ombi la marehemu. Mkwe wetu, tumekusikia, tunakuomba ulete ombi hilo kwa maandishi, ufafanue ni marehemu yupi, ueleze cheti unakitakia nini, kisha usubiri, na hadi tutakapokujibu, katika majalada ya ofisi yenu dada yetu hajafa, ni raia anayedai jibu, na sheria inawataka mmjibu.

Pumzika kwa amani, dada. Nafasi yako kwenye foleni tumeishika.