Apondi na Basi Jekundu

Benchi la Wilkister pale Noonkopir si benchi kamili. Ni nguzo ya stima iliyolazwa juu ya mawe mawili; wenye nguzo waliisahau, wanaume wasio na haraka wakaikumbuka. Wilkister aliuza hapo kahawa ya tangawizi na mandazi. Ulimi wake uliogopwa kuliko jiko lake. Asubuhi hiyo ya Alhamisi, mwaka wa 2004, wateja wake watatu walishafika. Kiragu kinyozi aliitwa Gazeti, kwa kuwa habari zake zilikuwa nyingi na nusu yazo uongo. Parsaoti, dalali wa mashamba, aliitwa Ploti. Wa tatu ni mzee Otiende, fundi mstaafu wa reli ambaye macho yake yalishaingia ukungu. Huyu aliitwa Ramani, kwa sababu ramani ya mji wa London haikutoka mfukoni mwake tangu bintiye Apondi alipomtumia. Leo alikuwa amevaa koti. Wilkister alipoliona lile koti alijua kuna jambo, maana Otiende na koti walikutana matangani tu.

— Kesho nasafiri kwetu Ugenya, alisema Otiende. Wazee wamesema miaka sita ya kungoja imetosha. Jumamosi tunazika yago.

— Yago ni nani? aliuliza Parsaoti.

— Ni tunda, Ploti. Refu, kama mkono wa mtu. Mtu wetu akipotea na mwili usipatikane, hilo ndilo tunazika badala yake. Tunalia, tunanyoa nywele, imeisha.

Watu walikunywa kahawa bila kuangaliana.

— Lakini Apondi hamjaambiwa amekufa, alisema Wilkister.

— Sijaambiwa yuko hai pia. Gazeti, nisomee mara ya mwisho. Hii ramani na barua nitaviweka ndani pamoja na hilo tunda.

Kiragu alipangusa mikono yake kwenye aproni ya kazi. Barua aliijua kwa moyo, lakini aliikunjua kwa heshima. Apondi aliiandika kwa Kiswahili makusudi, akijua ni nani atakayesoma.

— "Baba, leo nilipata ofu kazini nikapanda basi jekundu la ghorofa, lisilo na paa. Tiketi ni moja ya siku nzima. Unashuka unapotaka, unatembea, ukichoka unangoja lingine na unapanda tena, hakuna anayekuuliza. Nilishuka mara saba. Nimetia msalaba kwenye ramani kila niliposhuka."

— Wa kwanza, alisema Otiende.

— Saa kubwa, inalia kama kanisa.

— Wa pili.

— Daraja linalofunguka katikati meli ipite.

— Hilo ni uongo, alisema Parsaoti. Daraja likifunguka, ng'ombe watapita wapi?

— Nyamaza, Ploti. Wa tatu, alisema Kiragu, ni nyumba ya malkia. Askari wana kofia za manyoya, wamesimama hawapepesi macho.

— Mimi najua aliko, Mzee! Kiragu aliweka barua gotini. Ameolewa na mmoja wa hao askari. Hao hawaruhusiwi kuongea, na mke pia anaapishwa. Ndiyo maana haandiki. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Hiyo methali umeivalisha viatu vya mtu mwingine, alisema Wilkister.

— Basi yeye ndiye kondakta wa lile basi. Alishuka mara saba ndio ajifunze stegi, pale basi linaposimama.

— Wapi! alisema Parsaoti. Alipanda basi lingine linalofanana na hilo, likavuka maji, likamwacha nchi nyingine. Sasa anazunguka anatafuta stegi yake. Ama alinunua ploti pale kwa malkia, wakubwa wakamnyamazisha. Mimi niko na ujuzi wa mashamba, naona vitu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na alikuwa anatembea kwa miguu, si mnaona?

— Ploti, alisema Wilkister, meza hiyo mandazi kwanza. Mdomo wako ukiwa mtupu unatuharibia siku.

Otiende alikuwa ameweka kidole juu ya ramani, kwenye msalaba wa saba. Hakuuona, lakini kidole kilijua njia.

— Wa saba, Gazeti.

— "Hapa ni bustani. Nilitembea mpaka miguu ikavimba. Nilikuta wazee kwenye benchi wanabishana, nikakumbuka kwa Mama Sheryl. Baba, siku niliyoondoka ulisema nisikanyage tena boma lako. Sijakasirika. Niambie tu kama kwako pia mtu anaweza kushuka halafu apande tena. Nijibu kabla ya Pasaka. Baada ya hapo ninahama hiki chumba."

Mama Sheryl ni Wilkister. Kila mara barua ilipofika hapo alipata kazi ya kuchochea makaa.

— Sasa mimi niliapa kwa hasira, alisema Otiende. Mtu mwenye hasira haapi kwa kweli. Na nilimjibu! Nilimwambia njoo, mlango ni wako. Gazeti aliandika hapa hapa. Sasa mtoto ameambiwa njoo, na miaka sita hajaja, hajasema hata pole. Huyo amekufa, ama amenitupa. Heri amekufa.

Wakati huo akatokea mwanamke mwenye mtungi wa maziwa mgongoni, mgeni pale. Mama wa maziwa wa zamani alikuwa amehamia Ngong, na huyu, Naserian wa Isinya, ndiye aliyechukua njia yake.

— Sopa, alisalimu kwa Kimaasai.

— Ipa, alijibu Parsaoti. Karibu, mama. Tuko matangani.

Naserian alimimina maziwa polepole, akisikiliza. Parsaoti alimweleza yote kwa mkato: msichana, basi, barua, jibu.

— Pole, mzee, alisema Naserian. Na hiyo jibu, nani alipeleka posta?

— Gazeti, alisema Otiende.

— Mimi? Kiragu alisimama. Mzee, si ulisema utapitia posta ukienda kuchukua pensheni?

— Sikupewa kitu mkononi. Nilijua umeituma.

— Mimi nilijua umeichukua.

Wote wawili walimgeukia Parsaoti, naye akatazama mandazi yake.

Wilkister aliikumbuka siku hiyo kama jana. Daftari jipya la shule. Kiragu aliandika "Mpendwa Apondi, njoo," halafu wakabishana: baba anaanzaje kusema njoo kabla ya salamu? Parsaoti alitaka habari za ukame zitangulie. Kiragu alitaka methali. Walibishana mpaka birika likakauka, na yeye akawafukuza: kahawa imeisha, endeni kwenu, mtamaliza kesho. Kesho yake kulikuwa na uchaguzi mdogo wa diwani, wakabishania huo. Daftari lilikaa juu ya nguzo siku nne. Siku ya tano karatasi za kufungia zilimwishia, akalichana. Ule ukurasa wa kwanza ulifunga mandazi mawili ya dereva wa lori aliyekuwa anaelekea Namanga. Yeye hakusoma kilichoandikwa. Nani asome, na wateja wamesimama?

— Mama Sheryl, alisema Otiende. Hilo daftari tuliliacha hapa?

Ulimi uliozoea kukata watu ulikuwa mzito kama mwiko kwenye ugali.

— Nililichana nikafungia mandazi, Jaduong', mzee wangu.

Lori la simiti lilipita, vumbi likatua kwenye vikombe, na hakuna aliyefunika chake. Naserian alishika mtungi wake lakini hakuondoka.

— Basi hajaambiwa, alisema Otiende.

Kiragu alianza kusema kitu juu ya wahenga, akakiacha.

— Miaka sita nimemkasirikia, na hajaambiwa.

Aliikunja ramani kwa mikunjo yake ya zamani, msalaba wa saba ukabaki juu. Huko Ugenya tunda lilishachumwa, limelazwa kwenye kitambaa, na wanawake walishaanza kupika. Wilkister aliinamisha birika juu ya kikombe cha mzee. Yalitoka machicha matupu. Kahawa ilikuwa imeisha, na safari hii hakumwambia mtu aende kwao.