Mstari Alioandika Menofilo kwa Mkono Wake

Ndugu mliofika kaburini leo, tunayemlaza hapa ni Menofilo mwana wa Artema, mtia rangi sufu. Alizaliwa Thiatira, mtaa wa kando ya mto, mwaka wa tatu wa Kaisari Domitiani, mtoto wa nne na wa pekee aliyeishi.

Alisoma miaka miwili tu. Baba yake alipoumia mgongo, Menofilo aliingia kwenye mapipa ya rangi, na tangu hapo mikono yake ikawa myekundu hadi viwikoni. Siku alipomwoa Melitine, mwaka wa kumi wa Trayani, mama mkwe aliuliza kama bwana harusi ametoka kuchinja.

Mwaka wa kumi wa Hadriani alichaguliwa kuwa mwangalizi wa kanisa letu.

Mwaka wa tano wa Antonini, waumini kumi na mmoja wa mji wa Hermosia, kwa kumwogopa liwali, walifukiza ubani mbele ya sanamu ya Kaisari, ndiko kumkana Bwana. Walirudi wakilia, wenzao wakawafungia mlango, wakawa wanasikiliza nyimbo wakiwa barabarani. Kanisa lilikuwa linapasuka. Wazee wa huko wakamwomba Menofilo neno.

Kwa siku tatu alikuwa akisema barua ya kuwajibu na kufuta machozi, mwanawe Lampo akiandika. Walipofika mwisho, Lampo aliweka kalamu chini.

“Baba, hilo siandiki. Watakuvua uangalizi.”

“We andika.”

“Mama analijua?”

“Analijua. Siku ile yeye ndiye aliyenifungulia mlango.”

Bado Lampo hakuishika kalamu.

“Haya, nipe. Ila usiucheke mwandiko wangu.”

Akaandika kwa herufi kubwa zilizopinda: “Mimi Menofilo pia nilifukiza ubani, mwaka wa kumi na tano wa Trayani. Mkiwafungia hao, nifungieni na mimi.”

Lampo aliipeleka barua mwenyewe na, kama ilivyo desturi ya mchukuzi, akaisoma mbele ya wote Siku ya Bwana. Akausoma na mstari ule. Mzee Diokle, aliyekuwa mgumu kuliko wote, aliinyakua karatasi ahakikishe kama si maneno ya kubuni. Aliutazama mwandiko ule mbaya kwa muda mrefu. Kisha akaenda kufungua mlango.

Hapa kwetu, Menofilo alisimama akajivua uangalizi. Wazee walimwambia akae. Nyumba mbili zilituhama kwa ajili hiyo, na hadi leo hazijarudi. Aliziombea kwa majina kila siku.

Mvuke wa mapipa ulimharibu kifua. Alianza kukohoa damu majira ya baridi, akalala asubuhi ya juzi, mwaka huu wa kumi wa Antonini, akiwa na miaka sitini na minne, Melitine akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Melitine. Watoto wawili, Lampo na Apfia. Na wajukuu watano. Kutoka Hermosia wamefika tisa kati ya wale kumi na mmoja, kwa mwendo wa siku mbili, na wameomba wao ndio walibebe jeneza. Familia imekubali.

Bwana ampe pumziko, na amani yake imfunike.