Mate kwenye Kichupa na Sahani ya Jirani

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo, marahaba, hata kama hamjanisalimia. Mwenyekiti kanisimamisha, na mie nilijiapiza kwamba kwenye kikundi hiki cha presha na sukari nitakuwa nakaa nyuma nakunywa chai tu. Basi nivumilieni. Majina sitaji, maana wengine mmo humu humu.

Mie ni mwalimu, naishi Segerea, peke yangu tangu mume wangu afariki na binti yangu aende kusoma nje. Mnaniona nilivyo. Mama yangu alikuwa hivi hivi, akaondoka kwa kiharusi akiwa bado na nguvu zake. Kwa hiyo uzito kwangu haujawahi kuwa utani.

Likizo moja binti akaja na kichupa. "Mama, tema mate humu." Nikatema, mtoto keshasema. Kumbe huko aliko wanapima vinasaba, na baada ya muda majibu yakaingia kwenye simu. Kwa nilivyoelewa, wanaangalia vitu vidogo vidogo vingi ulivyorithi, kila kimoja kinaongeza hatari kidogo, halafu wanajumlisha wanakupa alama moja. Yangu ilikuwa juu. Wakaandika kwamba mwenye alama kama hiyo ana uwezekano mkubwa wa kunenepa kupita kiasi. Ndugu zangu, mie nasahihisha mitihani maisha yangu yote, lakini alama ile niliisoma kama hukumu. Nilimuona mama yangu kitandani.

Tangu hapo nikawa nabeba chakula changu kila niendako. Kabichi la kuchemsha na yai, ndani ya kikopo cha plastiki chenye mfuniko. Shuleni nacho, kanisani nacho, harusini nacho. Mnacheka? Chekeni tu. Halafu nikakibeba msibani.

Jirani yangu, tunayegawana naye ukuta wa uani, alifiwa na mama yake. Yeye ni mtu wa hapa hapa Pwani, Muislamu, mie nimetokea bara, lakini tulishakuwa ndugu. Kila Ramadhani sahani ya futari ilikuwa inapita juu ya ukuta, "Mwalimu, pokea!" Na mie nairudisha na chochote, papai, karanga, maana sahani ya jirani huirudishi tupu. Sasa siku ya msiba tumekaa mkekani, mikono tumeshanawa, sinia la pilau likatua katikati yetu. Mie nikafungua kikopo changu.

Mkeka mzima ukanigeukia. Mnajua wenyewe mtu anayekuja msibani na chakula chake anafikiriwaje: anaogopa kuwekewa kitu, anawaona wenye nyumba wachawi. Mwenye msiba alinitazama, akageuka, akaendelea kugawa maji. Ningesema palepale yangeisha. Lakini ningeanzaje, mbele ya mtu aliyetoka kumzika mama yake, kusema kwamba mate yangu yamepimwa na naogopa kufa kama mama yangu? Nilimeza kabichi langu, nikaaga.

Baada ya hapo salamu zikawa fupi, mwisho zikaisha. Shughuli za mtaani nikawa nazisikia kwa muziki, sialikwi. Nawaambia, nilikuwaga natoka shuleni Ijumaa, mpaka Jumatatu mdomo wangu haujasema neno zaidi ya "weka hapo" kwa muuza maji. Kabichi likanishinda. Nikawa nakula mkate mzima mbele ya televisheni, sina hata njaa, nataka tu kitu cha kufanya. Uzito ukapanda, presha nayo ikafuata, nikasema si unaona, alama imesema kweli.

Ramadhani ikafika. Jioni nikasikia harufu ya muhogo wa nazi, nikasikia jirani akiita nyumba ya upande wa pili, "Haya, pokeeni!" Nikasimama uani karibu na ukuta, nangoja. Hakuna kilichopita. Niliumia, ndugu zangu, sikuwahi kujua sahani moja inaweza kumuumiza mtu mzima vile.

Siku chache baadaye kizunguzungu kikanipeleka kliniki. Mtaalamu wa lishe, mama mmoja mtaratibu, nikampa simu asome yale majibu. Akasoma, akanirudishia. "Mwalimu, haya ni makadirio. Na wameyatengeneza zaidi kwa kupima watu wa Ulaya, kwetu sie yanabahatisha zaidi. Yachukue kama tahadhari. Mwisho wako hayaujui." Halafu akaniuliza, "Unakula na nani?"

Nikalia mbele ya mtu nisiyemjua.

Jioni ile hata mkoba sikuweka ndani. Nikapiga hodi kwa jirani, adhana ndiyo kwanza inatoka. Nikamwambia, "Dada, nimekuja kufuturu."

Akaniangalia mikononi. "Kikopo chako kiko wapi?"

"Nimekiacha."

"Leo hutuogopi?"

Nikamsimulia yote, kichupa, mate, alama, mama yangu. Akafunika bakuli la muhogo, nikajua nimefukuzwa. Kisha akasema, "Mwenzangu, mie mwaka mzima nalia kwamba umemuona mama yangu mchawi. Kumbe unamuogopa mama yako! Si ungesema tu, nikakupunguzia nazi?" Akanisogezea sahani. Vipande viwili vya muhogo, mchicha mwingi. Tulikula huku tunafuta machozi.

Sijawa mwembamba, msinitafute kiuno. Nimepungua kidogo, presha imetulia, tunatembea pamoja asubuhi. Alama iko palepale kwenye simu. Namshukuru yule mama wa kliniki kwa swali lake. Namshukuru binti yangu, alinipenda ndiyo maana akanipima. Na wewe jirani yangu uliyekaa pale mlangoni, unayejifanya kufunga mtandio, nakushukuru wewe.

Ninachowaomba ni hiki: mkiambiwa hatari yenu, msiende kuiogopa peke yenu. Mwambieni mnayekula naye.

Kile kikopo bado kipo. Siku hizi kinapita juu ya ukuta na papai ndani, na hakijawahi kurudi kitupu. Leo yuko nacho yeye, kwa hiyo jamani, nisogezeeni na mie hilo sinia la chakula.