Vidole Vinne katika Jezi ya Kibwana

Kijiwe chetu kiko Msambweni, mbele ya duka langu la cherehani: benchi moja refu, jingine fupi lililofungwa mguu kwa waya, na dele la Tsofa, mwuza kahawa wetu, katikati. Mimi ndiye Futi. Nilipewa jina la Swabir, lakini tepu ya kupimia haijatoka shingoni mwangu tangu niote ndevu, kwa hiyo Swabir amebaki msikitini na kwenye kitambulisho. Kulia kwangu hukaa Mangi, tunayemwita Satelaiti, kwa sababu alihudumu mezani katika hoteli moja ya Diani miaka sita, na tangu hapo hakuna jambo la dunia asilolijua. Kushoto, mwisho wa benchi, hukaa Karisa, fundi wa baiskeli, mbishi tangu tumboni. Huyo ni Spoku. Kati yangu na Spoku kuna nafasi ya mtu mmoja, na siku hizi haikaliwi. Ilikuwa ya Kibwana, mwuza mikate ya boflo kwa baiskeli, aliyegongwa na lori kwenye barabara ya Gazi. Juzi tumemsomea hitima ya arobaini.

Leo asubuhi bintiye, Yusra, aliniletea jezi ya babake ya baiskeli, ameifua na kuikunja. Jumapili wenzake Kibwana wa chama cha baiskeli watafanya msafara wa kumkumbuka, na Yusra atapanda baiskeli ya babake, kwa barabara ile ile. Aliniomba niipunguze jezi imkae, akasema baada ya alasiri atakuja kupimwa. Basi nilikuwa nimeipakata. Hakuna aliyethubutu kuigusa, lakini kuijadili wakaijadili.

Spoku: Futi, jezi ya baiskeli ibane. Ibane kama ngozi juu ya ngoma. Ikilegea tu, upepo unaingia, na mtu anakuwa anaendesha hema.

Satelaiti: Ibane, halafu atapumua na nini? Manze, nimewahudumia Wajerumani wa baiskeli mimi. Jezi zao zilikuwa fupi mbele, ndefu nyuma. Mbele ikiwa ndefu, ukiinama inajikunja tumboni.

Spoku: Hilo nani asiyelijua?

Siku tuliyohitaji kulijua hakuna aliyelijua, hata Spoku mwenyewe. Nikanywa kahawa.

Tsofa: Si anunuliwe mpya tu, yaishe?

Mimi: Anaitaka ya babake.

Tsofa: Haya. Na mifuko je?

Spoku: Mitatu, nyuma, juu ya kiuno. Kitu kizito kikae katikati, chupa au pampu. Kando vitu vyepesi. Na midomo itiwe mpira, isilegee. Haba na haba hujaza kibaba.

Tsofa: Kibaba kimeingiaje hapo?

Spoku: Mfuko ukijaa si kibaba huo?

Satelaiti: Nyinyi mnacheza. Pale hotelini kulikuwa na mzee mmoja wa Kijerumani, kila asubuhi akija jikoni kuazima mizani. Simu mfuko wa kulia, ndizi mfuko wa kushoto, uzito sawa kwa sawa. Ukizidi upande mmoja, baiskeli inakwenda huko yenyewe. Mzee yule alitoka Diani mpaka Vanga bila kukata kona hata moja.

Tsofa: Njia ya Vanga ina kona, Satelaiti.

Satelaiti: Kwa mwenye mizani haina.

Spoku: Wallahi wewe hukuhudumu hotelini. Ulikuwa ukipewa mabaki ya chupa.

Satelaiti: Kataa tu. Na sasa wana jezi zinazojua. Ukisahau funguo nyumbani, mfuko unatetemeka mgongoni kukukumbusha.

Spoku: Na ukisahau mke?

Satelaiti: Hapo unatulia.

Tukacheka. Nami nilicheka, kisha nikajichukia kwa kicheko changu. Tumekuwa hivyo siku zote arobaini: tukilikaribia jambo lenyewe, mmoja anatoa mzaha na wote tunakimbilia huko. Tsofa aliongeza kahawa, akachuchumaa, na kwa nia njema kabisa akasema neno lake.

Tsofa: Mimi baiskeli siijui, najua kahawa. Lakini Mungu alimpa binadamu macho mbele, na mikono akampa mbele. Mfuko wa nyuma ni wa nini? Ushonwe kifuani, mtu aone anachokitoa.

Hapo kicheko kilikatika. Spoku aligeuza uso akatazama barabara. Mama mmoja auzaye mihogo kule Gazi aliyaona yote, na alitueleza siku ya mazishi. Kibwana alikuwa ameurudisha mkono nyuma, akiitafuta chupa ya maji. Mfuko ulikuwa umeteleza mpaka chini ya kiuno. Akapapasa, akapapasa tena, baiskeli ikayumba katikati ya barabara, na lori lilikuwa nyuma yake.

Satelaiti: Mbio za sakafuni...

Spoku: Nyamaza, Mangi!

Spoku hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake.

Jezi ile ilikuwa zawadi yetu. Kibwana alipokubaliwa chamani tulimchangia kitambaa, nami nikashona. Nilimpima hapa hapa mbele ya benchi, amesimama wima, mikono kando, kama ninavyompima mtu kanzu. Kisha nikaongeza vidole vinne kila upande, maana kwetu nguo ya mtu mzima mwenye heshima zake haimbani. Na hawa wote walikuwa wakipiga kelele, "Ongeza, Futi! Ongeza, anenepee humo!" Kibwana aliivaa, akalizunguka benchi mara mbili, akasema hata bwana harusi hajashonewa ya namna hii. Tangu siku hiyo hakupanda baiskeli na nguo nyingine.

Yusra alifika akiikokota baiskeli ya babake, bado ana tope la mikoko kwenye viatu. Hufanya kazi kwenye vitalu vya miche ya mikoko huko Gazi.

Yusra: Asalaam aleikum. Shikamooni, baba zangu.

Sote: Waaleikum salaam. Marahaba, mwanetu.

Mimi: Ivae juu ya nguo yako, mwanangu, kisha usimame hapa. Tuanze na mabega.

Yusra: Samahani, baba Swabir. Mwalimu wa chama amesema nipimwe nikiwa juu ya baiskeli, nimeinama. Nguo ya baiskeli haipimwi mtu amesimama.

Spoku aliinuka bila kuambiwa, akaishika baiskeli kwa nyuma. Yusra akapanda, akatia chupa ya maji mfuko wa kati, akashika usukani na kuinama. Mbele jezi ikajikunja ikafanya furushi tumboni. Nyuma mifuko ikashuka na chupa yake, ikamlalia pajani. Akarudisha mkono kuitafuta. Vidole vyake vilipapasa hewa, pale pale ambapo mfuko ulipaswa kuwa.

Niliona Spoku anafumba macho. Mimi sikuweza kufumba, nilikuwa na kazi. Nilitia pini mdomoni nikaanza. Mbele nilikunja vidole vinne. Ubavuni vinne. Mgongoni nikaipandisha mifuko mpaka juu ya kiuno, nikaibana. Vidole vyangu mwenyewe nilivyoviongeza nikavitoa kimoja kimoja, na kila pini iliingia kwa uzito.

Mimi: Jaribu sasa.

Yusra alirudisha mkono, akaitoa chupa mara moja, bila kutazama. Akairudisha. Akaitoa tena. Mara ya tatu hakuirudisha, alibaki nayo mkononi, ameinama vile vile juu ya usukani.

Yusra: Kumbe ni kitu kidogo hivi.

Akaigeuzageuza chupa mkononi.

Yusra: Baba akirudi nyumbani alikuwa akilalamika kila siku. Mifuko inamwangukia, chupa haipati, hata simu ilimdondoka mara mbili. Mama akimwambia, "Si umrudishie fundi aipunguze, ni rafiki yako?" Naye anasema, "Kesho." Kila siku alikuwa akikaa hapa na nyinyi. Mbona hakuwaambia?

Hakuuliza kwa hasira. Angeuliza kwa hasira ningejua pa kujificha.

Satelaiti, ambaye hakuna jambo la dunia asilolijua, aliinama akaanza kuuchezea waya wa benchi fupi. Spoku alikuwa bado ameshika baiskeli, ameinamisha kichwa. Tsofa akaliinua dele ili apate la kufanya, akalipindua juu ya kikombe cha Spoku, na hakikutoka kitu ila machicha ya tangawizi.

Yusra aligeuka akanitazama mimi. Nilikuwa na pini mbili mdomoni, na sikuzitoa.