Mzee Kituyi na Taya la Chepkoech

Mzee Zablon Kituyi anastaafu Jumamosi, tarehe 30 Juni 1956, baada ya kuitumikia hospitali yetu ya Eldoret miaka ishirini na tisa. Alifika kwa miguu kutoka Kimilili mwaka 1927, akaanza kwa kufua bendeji. Leo hakuna anayethubutu kufunga taya lililovunjika hapa kabla ya kumuuliza. Ni mkali kwa vyombo vichafu, na chai yake hutiwa sukari ya watu wanne.

Wanafunzi wake wote huanza na somo moja: usiliamini taya kwa kutazama uso. Vuta shavu, tazama magego. Yasipokutana yalivyozoea, mfupa haujakaa, na mgonjwa hatatafuna vizuri tena. Somo hilo lilimgharimu, mwaka 1938.

Chepkoech, msichana wa miaka kumi na mitatu kutoka Kesses, alipigwa teke na ng'ombe akikamua katika shamba la mlowezi. Kwa amri ya daktari, Kituyi alimfunga meno ya juu na ya chini kwa waya. Sasa, Mzee ameng'olewa meno mawili ya mbele ya chini kwa desturi ya kwao, na Chepkoech vilevile kwa desturi ya Wanandi. Akaliweka pengo la msichana katikati kabisa, kama lilivyo lake mwenyewe. Uso ulinyooka. Daktari akaridhika, akasafiri.

Siku ya nne Rael, mama yake Chepkoech, alisimama mbele ya Kituyi.

"Daktari, hiyo pengo haikuwa katikati," alisema, akimwita hivyo kwa heshima. "Mimi ndiye nilimshika kichwa wakitoa meno. Walitoa ya kushoto."

Kituyi alivuta shavu, akamulika. Magego ya kulia yaligusana kwa ncha tu. Ya kushoto hayakugusana kabisa. Mfupa ulikuwa umeanza kushika, na daktari angerudi baada ya siku sita. Karani alimpigia simu mara mbili, hakupatikana. Kukata waya bila ruhusa kulikuwa kufukuzwa kazi. Kuziacha kulikuwa kumharibia msichana maisha. Niliyeshika beseni ni mimi, mwanafunzi wake wakati huo, na niliogopa.

Alizikata. Alilisukuma taya polepole, akitafuta mahali kila gego lilipozoea kukaa, huku Chepkoech akiuminya mkono wa mama yake. Magego yalipokutana, akafunga upya. Kabla hata ya kunawa, aliandika kosa lake kwenye kitabu cha wodi, akatia sahihi.

Daktari aliporudi alimpa barua ya onyo. Alikagua kinywa kwa muda mrefu, lakini hakugusa waya hata moja.

Wiki ya sita waya ziliondolewa. Kituyi alimpa Chepkoech karatasi aiume kwa magego, kulia kisha kushoto, akaivuta. Karatasi ilichanika, meno hayakuiachia. Rael aliketi sakafuni akalia, nasi tukalia naye.

Mwezi uliopita nilimuuliza Mzee wasifu huu utaje sifa zake zipi.

"Andika ile makosa," aliniambia. "Na uandike ni mama aliiona, si mimi."

Tumeandika, Mzee. Asante kwa yote. Nenda nyumbani salama, na Mungu akujalie afya na raha miaka mingi.

Wilson Kipyego, wodi ya upasuaji