Theodora Mkumbo, Fundi Aliyewasha Pikipiki kwa Simu

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Bi. Theodora Mkumbo, fundi mkuu wa karakana ya pikipiki ya Shirika la Afya Mlangoni, Singida, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Waliopita karakana wiki hii wanasema bado yuko chini ya pikipiki, mikono imejaa oili. Tumewaambia wasishangae.

Aliajiriwa Julai 1991 kama mhudumu wa usafi. Kazi yake ilikuwa kufagia karakana ya marehemu Mzee Sostenes, hodari wa kufungua injini na msahaulifu wa nati ilikotoka. Theodora akawa anaziokota na kuzipanga kwenye vizibo vya soda, kwa mfuatano uleule zilivyofunguliwa. Siku moja Mzee alikuta injini nzima imepangwa sakafuni. Kesho yake alimkabidhi spana namba kumi, na ufagio akaushika mwenyewe. Mzee alipostaafu mwaka 1998, hakuna aliyeuliza karakana itabaki na nani.

Theodora alipokea pikipiki nne; leo anaacha ishirini na mbili. Anazijua kwa mlio. Ukiingia getini naye anakunywa chai na karanga zake, atakwambia plagi yako imechoka kabla hajageuka kukutazama. Na ole wako uanze na matatizo ya pikipiki kabla ya shikamoo. Daktari mmoja mgeni alirudishwa hadi getini, akaingia upya, akasalimia, ndipo akahudumiwa. Tangu siku hiyo alikuwa akisalimia hadi mlinzi mara mbili.

Lakini iko siku moja ambayo mwandishi wa wasifu huu hawezi kuiruka, kwa kuwa alikuwepo. Ilikuwa Machi 2017. Katika kijiji kimoja mbele ya Ilongero, mtoto wa miaka sita, Happiness, aliumwa na nyoka akichunga mbuzi. Zahanati yao haikuwa na dawa ya sumu ya nyoka, na mto ulikuwa umekata barabara. Gari lisingepita, wala mtoto asingetolewa. Chediel Ntandu, wakati huo afisa chanjo wetu, alipewa dawa kwenye kasha la baridi, akaondoka na pikipiki kwa njia nyembamba za ng'ombe, zinazovuka mto juu zaidi.

Kilomita kumi na moja kabla ya kufika, pikipiki ikazima. Chediel akazungusha ufunguo. Ukazunguka tu kama kijiko kwenye kikombe. Honi kimya, taa kimya. Akapiga kiki mpaka goti likamuuma. Mtandao ulipatikana juu ya mwamba mmoja tu, mrefu kama nyumba, basi akaupanda, akampigia Theodora.

Fundi akamwambia ashuke, autikise ufunguo huku amebonyeza honi. Chediel akashuka. Honi ikalia mara moja, ikanyamaza. Akapanda tena kutoa taarifa, akihema. Theodora, aliyekuwa umbali wa saa nzima kutoka pikipiki ile, akasema betri ni nzima, swichi ndiyo imekufa ikiwa upande wa kuzima, na inauzuia moto usifike kwenye plagi. Kisha akasema maneno ambayo Chediel hajayasahau: "Achana na ufunguo, mwanangu. Chini ya tanki, kushoto, kuna soketi nyeupe yenye nyaya zinazotoka kwenye swichi. Ichomoe. Halafu piga kiki."

Akashuka, akaichomoa. Kiki ya pili, injini ikanguruma. Pikipiki inawaka na ufunguo uko mfukoni! Chediel anakiri kwamba alisimama pale akiitazama kama mtu aliyeona maiti ikipiga chafya. Ilibidi apande mwamba mara ya tatu, maana hakujua ataizimaje. Akaambiwa akifika aweke gia ya juu, akanyage breki na kuachia klachi. Alifika, akafanya hivyo, ikazima. Muuguzi wa zahanati, Esta, alikuwa mlangoni akimsubiri. Dawa ilimkuta Happiness bado anapumua. Leo msichana huyo yuko kidato cha kwanza.

Nimekuwa katika shirika hili miaka kumi na minane, nimewaona wataalamu wenye vyeti vya kila rangi. Sijaona tena mtu anayeweza kuiona pikipiki kwa sikio lake, kutoka mjini, kupitia simu ya mtu anayehema juu ya jiwe. Mpaka leo nikiifikiria siku ile, nywele zinanisimama.

Ndiyo, Chediel ni mimi. Na kuna jambo ambalo halikuandikwa popote. Sote hapa tulikuwa na mtindo wa kufunga funguo zote kwenye ufunguo wa pikipiki: wa stoo, wa friji ya chanjo, wa nyumbani, hadi wa banda la kuku. Theodora alinionya mara tatu kwamba uzito ule, ukitikisika kwenye njia zetu, unakula swichi. Nilicheka. Siku ile aliniuliza kwenye simu kama niliziondoa. Nikasema nimeshaziondoa, huku funguo zikilia mkononi mwangu.

Aliusikia mlio. Akaendelea kunielekeza. Niliporudi, kwanza aliuliza habari za mtoto. Kisha alichukua fungu langu la funguo, akalitundika kwenye mizani ya kupimia watoto. Mshale ukasogea. Akanitazama, nami nikatazama chini. Kwenye daftari la matengenezo, pale penye sababu, nilikuwa nasubiri kuona jina langu. Aliandika: "Swichi imechakaa." Kwa sentensi hiyo nilibaki kazini, na leo ndimi mratibu wa usafiri.

Bi. Theodora, daftari lile nimelifungua jana. Chini ya mwandiko wako nimeongeza, kwa kalamu nyekundu: "Ilichakazwa na Chediel Ntandu, aliyeonywa mara tatu." Asante kwa uhai wa Happiness na kwa heshima uliyonitunzia. Ukapumzike salama kwenye shamba lako la alizeti, Mungu akuzidishie miaka. Ufunguo wangu wa pikipiki siku hizi uko peke yake.