Kidole Gumba cha Mama Ombwe

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, mhandisi mkuu wa Chumba Namba Saba, tunayemwita Mama Ombwe, atavua koti jeupe alilolivaa miaka thelathini na minne (si lilelile, msianze), atarudisha funguo na kustaafu. Mhariri wa jarida letu la kazini aliwaomba wenye shahada waandike wasifu wake. Wakaleta kurasa kumi na mbili za hesabu. Ndiyo maana mnasoma maneno ya fundi pampu, aliyeishia darasa la nane lakini hajakutana na pampu iliyomshinda, na amekutana na za mabara matatu.

Kazi ya Mama Ombwe ni rahisi kueleza, ngumu kuamini. Setilaiti ikiwa huko juu, sauti yake ni dhaifu kama ya mgonjwa anayeomba maji. Lazima ibebe bomba la kuikuza, urefu wake toka kiwiko hadi kiganja, na bomba hilo halifanyi kazi mpaka hewa yote inyonywe kwa pampu, ndani kubaki ombwe, yaani patupu kabisa. Shemeji yake, muuza vitasa, mpaka leo huuliza kwenye vikao vya familia iweje mtu asomeshwe miaka saba ili atengeneze kitu kisicho na kitu ndani. Mama humjibu kwamba kichwa cha shemeji kilikuwa cha majaribio, na kilifaulu.

Utafiti uliompa sifa ni wa waya uliosokotwa ndani ya bomba. Alibadili msokoto wake, bomba likatoa nguvu ileile kwa umeme pungufu kwa theluthi. Wageni wakapanda ndege kuja kuona. Walipofika wakampa mikoba yao ashike, wakidhani ni katibu. Aliishika, akawafundisha saa mbili, kisha akawarudishia.

Kwa usafi alikuwa dikteta. Alama moja ya kidole ina mafuta, mafuta yakipata joto hutoa gesi, na gesi kidogo tu huua bomba. Kwa hiyo marufuku mafuta ya nywele, marufuku losheni. Tulipauka kama kuta za chokaa. Asubuhi alisimama mlangoni akitunusa mmoja mmoja. Mke wangu aliniuliza kama nimeacha kuoga.

Sasa sikieni la bomba namba kumi na tisa, lililokuwa liende angani. Kazi ya miezi mitatu, na likafeli kwenye kipimo. Tulipolifungua, hadubini ikaonyesha alama ya kidole gumba, imeungulia kwenye chuma kinachoshika waya, safi kama muhuri wa serikali.

Macho yote yakanigeukia. Siwalaumu: nilishawahi kukamatwa na karanga mfukoni. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huo, watoto wawili wako shule, na Mkurugenzi alikuwa na barua ya kunifukuza imeshachapwa. Nikaapa mpaka sauti ikakauka. Mwishowe hata mimi nikaanza kukishuku kidole changu.

Mama akaomba picha ya ile alama. Akaitazama muda mrefu. Kwenye gumba lake ana kovu la kukatwa na kioo, na mstari wa kovu hilo ulikuwa pale pichani, umekatiza katikati. Hakuna mwingine aliyeuona. Angeweza kufunga faili akaenda zake nyumbani. Badala yake aliinua gumba, akamwambia Mkurugenzi, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba ni yeye: alivua glavu apapase msokoto, kwa sababu alikiamini kidole chake kuliko kipimo. Barua ya fundi ichanwe, iandikwe yake.

Ikaandikwa. Akavuliwa uongozi wa mradi kwa miaka miwili. Safari ya kushuhudia roketi ikiruka, aliyoingoja miaka kumi na minane, akapewa naibu wake, aliyerudi na picha za sura yake mwenyewe. Mama aliangalia nasi kantini, kwenye televisheni inayorukaruka. Bomba namba ishirini lilipotuma sauti ya kwanza, kantini nzima ikapiga kelele. Yeye akauliza nani amebaki kwenye pampu. Nilitakiwa kuwa mimi. Nilikimbia.

Bomba hilo liliahidiwa miaka kumi. Huu ni wa kumi na nne, na bado linaongea.

Baada ya sakata lile Mama aliweka daftari mlangoni, kila mtu aandike makosa yake kwa mkono wake. Ukurasa wa kwanza ni wake. Mimi naongoza kwa makosa arobaini na moja, rekodi ambayo haitavunjwa na mtu yeyote. Hajafukuzwa hata mmoja kwa kosa aliloliandika mwenyewe.

Jana nikakuta ameongeza kosa lake la tano, la mwisho: kwamba hajawahi kumwomba fundi pampu msamaha kwa siku zile alizolala na hofu ya kukosa kazi. Mama, hilo nimelikata kwa wino mwekundu bila ruhusa ya mtu, na kitendo hicho nimekiandika kuwa kosa langu la arobaini na mbili.

Asante kwa yote. Nenda salama, uishi vizuri, uishi sana.